Mtoto Aliyeazimwa Maktabani

Nchini kwetu Bwerera hakuna matatizo. Kuna changamoto, na kila changamoto imeundiwa kamati, na kila kamati ina gari. Nasema haya mapema ili msomaji asije akadhani ninailalamikia serikali. Mimi ni afisa habari wa Chuo cha Taifa cha Uuguzi na Ukunga. Kazi yangu ni kusifu, na tangu niajiriwe sijawahi kukosa cha kusifu.

Mwaka ule cha kusifu kilikuwa maktaba. Serikali ilikuwa imetujengea Maktaba Elekevu, jengo la vioo linalong'aa hata siku ya mawingu, lenye viyoyozi vinavyopuliza baridi ya milimani, taa zinazojiwasha zenyewe zikihisi mtu anatembea, na jenereta lake lenyewe kubwa kama nyumba ya mtumishi. Ng'ambo ya barabara, ukichungulia kupitia vile vioo, unaiona wodi ya wazazi. Wodi haikuwa na umeme. Lakini kwa ukarimu wa maktaba, giza likiingia mwanga wetu ulivuka barabara hadi madirishani mwa wodi, na wakunga wakazalisha kwa mwanga huo bila kulipia chochote. Niliandika habari yenye kichwa "Maktaba Yaangaza Uhai". Nilipongezwa.

Siku ninayoisimulia, wanafunzi wa ukunga wa mwaka wa kwanza walikuja kutembezwa maktabani wajifunze huduma zake na teknolojia yake. Waliongozwa na mkufunzi wao, Mwalimu Eufrasia, mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuamuru. Nusu ya mji ilipitia mikononi mwake ikija duniani, pamoja na Mkurugenzi wa maktaba mwenyewe, Dakta Mkwiji, jambo ambalo Dakta Mkwiji hakupenda likumbushwe mbele za watu.

Katika kundi lile alikuwemo Asumini, binti wa fundi cherehani, mwembamba, mwenye tabia moja mbaya: akiambiwa kitu, huuliza.

"Karibuni," alisema Dakta Mkwiji akiwa amepanua mikono. "Mmesimama katika kitovu cha mapinduzi ya maarifa!"

"Kitovu tunakifahamu," alisema Mwalimu Eufrasia. "Endelea."

Dakta Mkwiji alianza na lango. Lango letu linazungumza, na sauti yake tumeipa jina la Bi Elimu. Halimfungulii mtu hivihivi, linamhoji: amekuja kusoma, kuazima, au kurudisha? Ukiwa na kadi linakupitisha. Ukiwa huna, linakutakia siku njema. Kutoka nako ni hivyohivyo: kitu chochote ambacho mfumo haukitambui hakivuki.

Kisha tukapanda ghorofani kwenye vitabu. Vilikuwa vimepangwa kwa rangi, kila kimoja kikiwa kimefungwa ndani ya nailoni ngumu ya kiwandani, kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Vitabu dhidi ya Watumiaji.

"Sasa tunavisomaje?" Asumini aliuliza.

"Majalada yanaonekana vizuri kabisa."

"Na mtu akitaka ya ndani?"

"Ndani kuna maarifa," Dakta Mkwiji alijibu kwa upole. "Hayo hayaendi popote. Yamefungwa."

Alimwonyesha kompyuta ya kutafutia vitabu. Asumini akaandika neno "ukunga". Kioo kikafikiri, kikajibu: *Kitabu kipo. Hali yake: salama. Kusomwa: bado.*

"Mnaona?" alisema Dakta Mkwiji, na kwa kweli niliona machozi machoni pake. "Salama!"

Ziara ile haikupangwa siku ile kwa bahati. Waziri wa Maarifa alikuwa anakuja kuuzindua mfumo, na ilitakiwa awakute wasomaji. Kwa hiyo Dakta Mkwiji aliwafundisha wanafunzi kusoma: macho chini, shavu kwenye kiganja, kila baada ya muda mtu atikise kichwa kama aliyeshangazwa na hoja. Meza kubwa ya katikati, karibu na lango, iliachwa wazi kwa ajili ya picha ya Waziri.

Huko nje barabara ilikuwa imefungwa tangu asubuhi. Msafara wa Waziri ulikuwa bado haujaondoka nyumbani kwake, kwani Mheshimiwa alikuwa anachagua tai, lakini nchini kwetu barabara hufungwa mapema ili iwe na muda wa kutulia.

Ndipo ikafika bajaji. Ndani yake alikuwemo Nyamizi, muuza ndizi wa sokoni, ameshika vyuma kwa mikono miwili, jasho linamtiririka. Alikuwa anaelekea wodini, na wodi ilikuwa palepale, ng'ambo, hata vitanda vilionekana.

"Barabara imefungwa, mama," alisema sajini wa polisi. "Subiri msafara."

"Mtoto hasubiri, afande!"

"Mtoto wa nani? Ana cheo gani?"

Tuliyasikia hayo kwa sababu Asumini alikuwa ameshaacha kusoma jalada lake na kufungua dirisha. Kabla sijamkumbusha kuhusu shavu na kiganja, alikuwa chini, yuko nje, amempitishia Nyamizi mkono begani.

"Afande, huyu anajifungua!"

"Basi ajifungulie upande huu wa barabara," alisema sajini, na lazima niseme alisema bila ukali wowote. "Upande huu sijapewa amri nao."

Upande huu palikuwa na jengo moja tu. Asumini akamkokota Nyamizi mpaka langoni.

"Karibu Maktaba Elekevu," ilisema sauti ya Bi Elimu, laini kama ya mtu aliyeshiba. "Taja sababu ya kuja. Kusoma, kuazima, au kurudisha?"

"Kuzaa!" Nyamizi alipiga kelele.

"Samahani. Kuzaa hakumo katika huduma zetu. Jaribu tena."

"Kusoma!" Asumini alisema.

"Tafadhali weka kadi ya msomaji."

Kadi ya Asumini ilikuwa imebaki ghorofani, juu ya jalada. Nyamizi alipiga magoti, akaanza kumwita mama yake ambaye baadaye nilisikia alishafariki zamani. Mwalimu Eufrasia akatokea upande wa ndani wa lango, akiwa ameshakunja mikono ya blauzi.

"Kurudisha!" alifoka. "Sema anarudisha!"

"Anarudisha!" Asumini alisema.

"Asante kwa kurudisha," alisema Bi Elimu, na lango likafunguka kwa upana ambao sikuwahi kuuona, maana tangu liwekwe hakuna mtu aliyewahi kurudisha kitu.

Walimlaza kwenye meza ya katikati. Dakta Mkwiji alishuka ngazi mbiombio, sisi wengine nyuma yake.

"Hapo hapana! Hiyo meza ni ya Waziri!"

"Waziri anazaa?" aliuliza Mwalimu Eufrasia.

"Hapana!"

"Basi ampishe anayezaa. Fungeni mapazia yote, mama wa watu si maonyesho. Nani ana kitu safi cha kutandika?"

Hakuna aliyekuwa nacho. Tulikuwa na kompyuta, viyoyozi na zulia jekundu lililokanyagwa na kila mtu. Asumini aligeuka huku na huku, kisha macho yake yakatua kwenye rafu za maonyesho zilizokuwa kando ya lango. Nailoni zile zilikuwa safi kabisa, hazijaguswa na mkono wa mtu tangu kiwandani. Akachukua kitabu kikubwa kuliko vyote, akaingiza ukucha, akavuta. Mlio wake ulisikika jengo zima.

"Binti!" Dakta Mkwiji alishika kichwa. "Hiyo ni kesi! Hiyo ni sheria ya Bunge!"

Asumini akachana cha pili. Wenzake wakatazamana, kisha wote wakavamia rafu, ikawa ni chwaa, chwaa, chwaa, kama mvua kwenye mabati, na meza ikatandikwa nailoni kutoka idara zote za maarifa.

"Sasa nawa mikono," Mwalimu Eufrasia alimwambia Asumini. "Wewe uliyemleta ndiye utakayempokea. Mikono yako, mdomo wangu."

"Mwalimu, sijawahi hata kuona!"

"Leo utaona. Nyamizi mwanangu, sukuma sasa. Sukuma!"

Sitaeleza yote, maana nilikuwa nimegeukia ukutani nikisoma tangazo la kuzima simu. Nilichosikia ni Mwalimu Eufrasia akisema, kwa sauti iliyoshuka ghafla, "Usivute. Kitovu kimemzunguka shingoni. Ingiza kidole chini yake. Hivyo. Sasa pitisha juu ya kichwa taratibu, kama unamvua mkufu." Halafu Nyamizi alitoa ukelele mmoja mrefu. Halafu kimya.

Mtoto hakulia. Sote tulisimama tuli, hakuna aliyepumua. Na kwa kuwa hakuna aliyesogea, teknolojia yetu ikaamua jengo ni tupu, ikazima taa zote.

"Simwoni!" Asumini alilia gizani. "Mwalimu, simwoni mtoto!"

"Chezeni!" Mwalimu Eufrasia alinguruma. "Nyote! Rukeni! Mkwiji, cheza!"

Wanafunzi wakaruka. Mimi nikaruka. Dakta Mkwiji, mwenye shahada tatu, akapunga mikono juu na kuzungusha kiuno, na taa zikawaka. Asumini alikuwa ameinama, anamsugua mtoto mgongo kwa kanga ya mama yake, anasema, "Njoo, baba. Njoo, tafadhali, njoo."

Mtoto akakohoa. Kisha akalia, kilio chembamba, cha hasira, kizuri kuliko hotuba zote nilizowahi kuziandikia sifa. Asumini akaketi sakafuni akalia pia.

Wakati huohuo milango mikubwa ikafunguliwa na Mheshimiwa Waziri akaingia, amevaa tai ya zambarau. Wanafunzi walisogea wakaizingira meza. Waziri alimkuta Dakta Mkwiji akiwa bado anacheza.

"Tunakushangilia, Mheshimiwa," alisema Dakta Mkwiji akihema.

"Na hiyo sauti?"

"Mfumo, Mheshimiwa. Umewashwa sasa hivi."

Waziri alitega sikio. "Unalia kama mtoto kweli kweli! Umetengenezwa nchi gani?"

"Hapahapa Bwerera, Mheshimiwa."

Waziri alitoa leso akajifuta macho. Alitoa hotuba palepale, kwamba zamani tuliletewa kila kitu kutoka nje, lakini leo kilio hiki ni chetu, kimetungwa na mikono yetu. Tulipiga makofi. Mtoto alilia zaidi. Waziri akasema, "Mnaona? Unanielewa."

Shida ilitokea wakati wa kutoka. Msafara ulikuwa umeshafika, barabara imefunguliwa, Mwalimu Eufrasia akaona ni vyema mama na mtoto wapelekwe wodini. Nyamizi alitangulizwa kwenye kiti cha magurudumu cha Mkurugenzi, kile cha ofisini. Walipofika langoni, taa nyekundu ikawaka.

"Samahani," alisema Bi Elimu. "Ameingia mtu mmoja, wanatoka wawili. Kuna mali isiyosajiliwa."

Na kwa usalama wa taifa milango yote ikajifunga, Waziri akiwa ndani.

Alipigiwa simu fundi wa mfumo. Fundi alikuwa nje ya nchi kwenye mafunzo ya kuufahamu mfumo. Waziri alitakiwa kula chakula cha mchana na Rais. Akaliamuru lango lifunguke. Bi Elimu akamtakia siku njema. Walinzi wake walijaribu kulivunja kwa mabega, wakaumia mabega.

"Na huyo mtoto katoka wapi?" Waziri aliuliza hatimaye, akimwona kwa mara ya kwanza.

"Kwenye mfumo, Mheshimiwa," alisema Dakta Mkwiji, ambaye hakuwa na pa kurudi.

Asumini ndiye aliyesema, "Si linataka kila kitu kisajiliwe? Basi tumsajili."

"Mwanangu si kitabu!" Nyamizi alimkumbatia mtoto.

"Stika tutabandika kwenye kanga, dada. Yeye hatumgusi."

Dakta Mkwiji akakaa kwenye kompyuta, amefarijika kupata kazi aliyoisomea.

"Jina la kitabu?"

"Sudi," alisema Nyamizi shingo upande.

"Mwandishi?"

"Mimi."

"Mwandishi mwenza?"

"Yuko safarini."

"Toleo?"

"La kwanza," alijibu, na hapo hata yeye akacheka kidogo.

Stika ikabandikwa. Bi Elimu akaisoma, taa ikageuka kijani. "Umeazima kitabu kimoja. Kirudishwe baada ya wiki mbili. Usomaji mwema." Milango ikafunguka, Waziri akakimbilia chakula, Nyamizi akavuka barabara. Kesho yake niliandika "Mfumo Wazaa Matunda Mbele ya Waziri". Nilipongezwa tena.

Ingeishia hapo kama Waziri asingekwenda Bungeni. Alilieleza Bunge kwamba maktaba imepata kitabu kipya, cha kwanza kutungwa na kutolewa nchini mwaka huo, kinaitwa Sudi. Wabunge waligonga meza. Likapitishwa azimio kwamba kitabu hicho kiwekwe kwenye kabati la kioo, kionyeshwe kwa wageni wa taifa. Wiki mbili zilipotimia yule sajini alitumwa sokoni, akamleta Nyamizi mbele ya Kamati ya Mali za Maktaba, mtoto mgongoni. Asumini naye aliitwa, kwa kesi ya nailoni. Mwalimu Eufrasia hakuitwa, lakini alikuja.

"Dakta," alisema Nyamizi, "wewe ulikuwepo. Unajua huyu ni mtoto."

"Mimi najua ni mtoto," alisema Dakta Mkwiji, na alionekana hajalala vizuri. "Wewe unajua ni mtoto. Lakini Bunge linajua ni kitabu. Unataka nimbishie nani?"

"Sasa atanyonyaje humo kabatini?"

"Kutakuwa na ratiba."

Nyamizi hakupiga kelele. Alimfungua mtoto mgongoni, akamkumbatia kifuani, akasema polepole, "Basi na mimi nifungieni humohumo." Hapo nilitazama viatu vyangu. Kuna siku hata afisa habari hukosa neno la kusifu.

Asumini aliyekuwa akingoja adhabu yake akanyanyua mkono. "Samahani. Naomba kuuliza."

"Binti, umeuliza vya kutosha."

"Kitabu kikilowa, sheria inasemaje?"

Dakta Mkwiji alijibu bila kufikiri, kwa kuwa sheria zote anazijua kwa moyo. "Kikilowa kimeharibika. Kinafutwa kwenye mali za maktaba siku hiyohiyo."

Asumini na Mwalimu Eufrasia walitazamana. Asumini akamchukua Sudi, akamvua nepi, akamlaza chali juu ya kanga yake ileile yenye stika, katikati ya meza ya kamati. Sote tukangoja. Sudi alikuwa anaitazama feni, ametulia kama mjumbe wa bodi. Mwenyekiti alianza kukohoa. Ndipo Mwalimu Eufrasia akachukua chupa ya maji ya kamati, akaanza kumimina kwenye glasi kutoka juu, taratibu, huku akipuliza "shiiii" kati ya meno yake, kama alivyowafanyia nusu ya wananchi wa mji ule.

Sudi akakojoa. Alikojoa kwa upinde, akalowesha kanga yenye stika, akalowesha azimio la Bunge, akafika mpaka kwenye tai ya mwenyekiti.

"Kimelowa," alisema Asumini.

Dakta Mkwiji alisimama wima. Sikuwahi kumsikia na sauti thabiti namna ile. "Kamati imeshuhudia. Kitabu kimeharibika kwa unyevu. Kifutwe, akabidhiwe mwandishi." Kisha, kwa sauti ya chini, "Mchukue upesi, dada, kabla hawajafikiri."

Nyamizi aliondoka karibu anakimbia. Asumini aliadhibiwa: asikanyage tena Maktaba Elekevu maisha yake yote.

Lakini habari ilikuwa imeshafika sokoni, na wanawake wa sokoni hawahitaji afisa habari. Wakasikia kuna mahali penye taa, maji ya bomba na baridi ya milimani, mlangoni unasema tu "narudisha". Wakaanza kuja, kwa bajaji, kwa baiskeli, kwa miguu wameshika viuno. Takwimu za waingiao maktabani zikapanda kuliko za nchi zote jirani. Waziri alifurahi, kisha akaja kujionea, akashindwa kupata meza ya kupigia picha.

"Hawa wanafuata nini hapa?" aliuliza kwa uchungu.

"Taa," alisema Mwalimu Eufrasia. "Wekeni umeme wodini, hawatawasumbua."

"Mama, bajeti ya umeme wa wodi haipo. Iliyopo ni bajeti ya kufungua matawi ya maktaba."

Mwalimu Eufrasia aliitazama wodi ng'ambo ya barabara, akamtazama Waziri. "Basi fungua tawi," alisema. "Pale."

Waziri alisema wazo hilo lilikuwa lake tangu zamani. Nami niliandika hivyo. Mafundi walikuja na nyaya, viyoyozi na jenereta, na juu ya mlango wa wodi kikapachikwa kibao kikubwa: MAKTABA ELEKEVU, TAWI LA KWANZA. Ndani hamkuwekwa rafu hata moja, kwa kuwa vitanda vilichukua nafasi yote. Wakunga walipewa cheo cha wakutubi wasaidizi, na mishahara yao ikapanda. Asumini, ambaye adhabu yake haikutaja matawi, akapangiwa huko kwa mazoezi.

Nilipita kumtembelea asubuhi moja, nikamkuta amevaa glovu, kando ya kitanda cha msichana aliyetoka mbali, anaumwa uchungu wa mtoto wa kwanza. Msichana alikuwa amekodolea macho zile taa nyeupe na viyoyozi.

"Dada," alisema akihema, "hapa ni hospitali kweli? Nje wameandika kitu kingine."

"Ni maktaba, mdogo wangu," alisema Asumini akimfuta jasho. "Sukuma."